Uzamili Uchaguliwe kwa Kazi, Si kwa Jina la Chuo

Imejengeka kasumba katika maofisi na mashule ya kupima masomo ya juu kwa umbali wa chuo. Aliyekwenda London huhesabiwa kuwa amesoma kuliko aliyekwenda Johannesburg, na wa Johannesburg kuliko aliyebaki Moshi. Alikwenda kusoma nini, na ni nani atakayefaidika akirudi, ni maswali yasiyoulizwa. Kasumba hiyo ni mabaki ya ukoloni wa fikra, na wanaoilipia gharama ni wakulima na wafanyakazi ambao wao wenyewe hawatakanyaga chuo chochote.

Ipo taaluma moja inayoonyesha madhara hayo waziwazi, nayo ni tiba kwa vitendo. Wengi huichanganya na tiba ya viungo. Mtaalamu wa viungo hushughulika na nguvu na mwendo wa mguu au mkono. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo huuliza swali la pili: mkono huo utafanya nini? Mama aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi atasongaje ugali? Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ataketije darasani na kushika kalamu? Seremala aliyekatwa vidole na msumeno atarudije karakanani? Kijana aliyetoka wodi ya wagonjwa wa akili ataanzaje tena kulima?

Taaluma hii iliundiwa chama chake cha kwanza nchini Marekani mwaka 1917, na Vita Kuu ya Kwanza, iliyorudisha maelfu ya askari vilema, ikaikuza. Mwaka 1930 Elizabeth Casson alifungua shule ya kwanza ya fani hiyo nchini Uingereza, mjini Bristol, na mwaka 1952 likaanzishwa Shirikisho la Dunia. Lakini fikra yake si ngeni katika nchi hii. Katika miaka ya Ujamaa vilikuwapo vijiji vya kilimo ambamo wagonjwa wa akili walipata nafuu kwa kushika jembe pamoja na wenzao, badala ya kufungiwa. Taifa lililohubiri Uhuru na Kazi lina deni kwa kila mtu ambaye ugonjwa au ajali imemnyang'anya kazi yake.

Deni hilo halilipwi na mtaalamu wa kila kitu. Tiba ya mkono, malezi ya watoto wenye ulemavu, afya ya akili na huduma ya waliopatwa na kiharusi ni matawi mbalimbali, na kila tawi lina mahali pake pa kufundishwa. Anayetaka tawi la mkono hana budi kutafuta chuo kilicho jirani na wodi ya upasuaji na ya majeraha ya moto. Anayetaka la watoto atafute mahali ambapo kliniki na shule hufanya kazi pamoja. Anayetaka la akili asiende mahali ambapo mgonjwa wa akili husomwa vitabuni tu. Uchunguzi wa kiharusi uliofanywa Hai na Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kiwango kikubwa cha ugonjwa huo, hususan mjini. Je, ni wangapi wanaoomba ruhusa ya masomo kwa kuanzia na ukweli wa namna hiyo?

Upo pia mtego ambao wengi hawauoni. Nchini Marekani, shahada nyingi za uzamili za taaluma hii, na hata shahada za udaktari za kuanzia kazi, zimetungwa kwa ajili ya mtu mwenye digrii ya fani nyingine ambaye hajawahi kuwatibu wagonjwa. Kanuni zao humtaka afanye mazoezi ya kazi kwa muda kamili wa wiki zisizopungua 24. Uingereza nayo ina uzamili wa namna hiyo. Mtaalamu aliyekwisha kuhitimu KCMC, Moshi, na kuhudumu miaka kadhaa wodini, akiingia humo atafundishwa upya aliyokwisha kuyajua, kwa fedha nyingi, kisha atarudi na jina kubwa pasipo tawi lolote. Uzamili unaomfaa ni ule uliotungwa kwa waliokwisha kuhitimu.

Watatokea wa kusema kwamba kila mtu ana haki ya kusoma anachokipenda. Ni kweli, wala hakuna anayebeza mapenzi ya kazi. Asiyewapenda watoto hatawafaa watoto hata akipewa shahada tatu. Lakini mapenzi hayo hupimwa kazini, hayapimwi kwa kusoma matangazo ya vyuo. Huko Marekani kwenyewe, anayetaka cheti cha utaalamu wa tiba ya mkono lazima kwanza awe na miaka isiyopungua 3 ya kazi na saa 4,000 za kutibu mikono. Afrika Kusini nayo, tangu mwaka 2003, humtaka mhitimu mpya wa taaluma hii atumikie umma mwaka mmoja. Kama mataifa yenye uwezo kuliko Tanzania hutanguliza kazi, kwa nini hapa itangulizwe tiketi ya ndege?

Wengine watajitetea kwamba ufadhili huja na chuo chake, na kwamba maskini hachagui. Huo ni unyonge. Mfadhili anayeelezwa kwa ufasaha kwamba hospitali fulani inahitaji mtaalamu wa watoto anaweza kukubali au kukataa, lakini asiyeelezwa kitu ataamua peke yake.

Lawama haiwaangukii vijana peke yao. Afisa anayeidhinisha likizo ya masomo bila kuuliza tawi anashiriki katika ubadhirifu. Na anayempokea mtaalamu wa mikono akirejea, kisha akampa dawati la kuandika taarifa, anakuwa ameitupa mali ya umma kama aliyeacha trekta jipya lioze mvuani.

Kwa hiyo kila fomu ya masomo ya juu inayofika mezani iulizwe maswali mawili kabla haijapigwa muhuri: mwombaji amewahudumia wagonjwa gani hadi sasa, na akirudi atawahudumia wagonjwa gani, katika hospitali ipi? Walimu nao, wanaoombwa ushauri na wanafunzi wao wa zamani, waache kutaja majina ya vyuo na waanze kutaja mahitaji ya wananchi. Asiyeweza kuyajibu maswali hayo mawili arudi kwanza wodini, kwani huko ndiko majibu yaliko.