Poka ya Base Si Poka ya Kasino: Jua Ni Gani Inakumaliza

Pita Gakoromone pale Meru Jumapili mchana, ama base yoyote ya muguka Embu, utaskia msee akigonga kadi mezani: "Niko kadi!" Uliza wanacheza nini, watakuambia poka. Na hapo ndio shida huanzia, juu hiyo si poka.

Gemu yetu unaijua. Mbili unaokota mbili, tatu unaokota tatu, joka unaokota tano. J inaruka mtu, K inarudisha, 8 na Q ni swali, ase ndio mwokozi. Wa kwanza kumaliza kadi ameshinda. Hiyo ni ndugu ya Crazy Eights ya Wamarekani. Wajerumani pia wako na yao inafanana sana, na wanaiita Mau-Mau. Ndio, jina lile lile lililofanya guka na cucu zetu wafungiwe vijijini miaka ya 1950.

Sasa shika hii: gemu yetu haihitaji pesa. Mkitaka mnaweka mbao kila mtu, msipotaka mwenye amechapwa ananunua chai. Utamu unabaki pale pale.

Poka yenyewe haiko hivyo. Ilikomaa New Orleans, Marekani, mwanzo wa karne ya 19. Wafaransa walikuwa na gemu inaitwa poque, Wajerumani yao ikiitwa Pochen. Mwanzo ilikuwa kadi 20 tu, watu wanne, kila mtu tano mkononi. Meli za mto Mississippi zikaibeba juu, ikaongezwa hadi kadi 52, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vikaisambaza kambi kwa kambi. Baadaye Texas ikatoa Hold'em, ile unaona kwa sinema. Mwaka wa 1970, Las Vegas wakaanzisha mashindano yao ya dunia.

Katika hiyo poka, pesa ndio lugha. Hushindi kwa kuwa na kadi kali pekee. Unashinda kwa kuweka dau mpaka mwenzako aogope akunje. Toa pesa na hakuna gemu imebaki, juu hakuna mtu ataogopa kitu.

Halafu ikaja intaneti. 2003, mhasibu wa Tennessee anaitwa Chris Moneymaker (ni jina lake la ukweli) aliingia mashindano ya Vegas kwa tiketi aliyoshinda mtandaoni. Akapiga watu 838 na akaenda na dola milioni 2.5. Tangu hiyo siku, kila kijana mwenye kompyuta aliona hiyo pesa inaweza kuwa yake.

Hapo ndio mimi naingia. Nilikuwa chuo Embu. Hosteli tulikuwa tunacheza kadi, anayechapwa anaosha sufuria. Kisha mtu akatuonyesha poka kwa simu. Sikuona kama nacheza kamari. Niliona nacheza poka, na poka niliijua tangu primo. Nikatoka hapo nikahamia kandege, na semista ikaisha karo ikiwa imeenda. Sikurudi chuo.

Nilichokosa kuelewa ni hiki. Kwa base, pesa ya mbogi inazunguka mbogi. Leo unakula mbao yangu, kesho nakula yako. Hata kwa poka ya meza, unashindana na watu, na mwenye nyumba anakata kidogo. Lakini gemu nyingi za kasino kwa simu unashindana na mwenye nyumba mwenyewe, na hesabu amepanga yeye.

Chukua Aviator, kandege kenyewe. Imetengenezwa na kampuni inaitwa Spribe, na wanasema inarudisha 97%. Unaskia poa, si ndio? Weka soo, raundi 200 usiku mmoja. Hiyo ni 20,000 umezungusha. Tatu kwa mia yake ni 600, na ndio wastani wa kupoteza. Ulikuja na thao moja tu. Na raundi zenyewe ni za sekunde, kwa hivyo 200 zinaisha kabla miraa yako iishe.

Ongeza ushuru. Sheria ya Fedha ya 2025 inakata 5% ya pesa unayoweka kwa akaunti ya kamari. Thao yako imekuwa 950 hata kabla kandege kapae.

Serikali imeamka kiasi. Aprili 2025 ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na Agosti Rais Ruto akatia sahihi sheria mpya ikachukua nafasi ya ile ya 1966. Hiyo ya zamani iliandikwa kabla hata ya hiyo Vegas ya 1970, saa hii kasino inaingia kwa mfuko wa suruali. Lakini sheria haitakaa na wewe kitandani saa nane usiku ukiweka soo ya mwisho.

Sikuambii uache kadi. Mimi mwenyewe bado nacheza, na ukinipata Makutano nitakuchapa vizuri. Lakini ukiona neno poka kwa simu, jiulize kwanza: nikipoteza hii, nani anaikula? Kama ni Muthomi mwenye mko naye hapo, kesho atakununulia chai. Kama humjui, chai sahau.