Breki Inayolia Isipakwe Mafuta

Injini ya pikipiki ikizimika kila isimamapo, wengi hukimbilia skrubu ya kabureta. Yafaa kwanza chujio la hewa lisafishwe vumbi, na plagi iondolewe masizi. Kisha injini ipashwe moto, ndipo skrubu igeuzwe kidogo kidogo mpaka ingurume kwa utulivu. Pikipiki nyingi ndogo hutulia kwenye mizunguko kama 1,400 kwa dakika.

Breki ikilia, hatari ni kubwa zaidi. Mlio mwembamba wa asubuhi yenye mvua aghalabu ni wa unyevu, nao hukoma breki ikishikwa mara chache. Mkwaruzo wa chuma usiokoma ni dalili kwamba vipande vya breki vimelika; na vibadilishwe kabla ya safari nyingine. Pikipiki nyingi zina mshale kando ya gurudumu la nyuma: breki ikikanyagwa na mshale ukafikia alama, vipande vimekwisha.

Wako wanaotia mafuta ili kelele ikome. Kelele hukoma kweli, lakini breki nayo huteleza, na mteremkoni hakuna fundi.