Kusubiri ni sehemu ya kazi: majibu kwa madai matano kuhusu MPI_Wait

Tangu kiwango cha kwanza cha MPI (Message Passing Interface), utaratibu wa michakato kupitishiana ujumbe, kitolewe mwaka 1994, michakato ya programu sambamba imekuwa na njia mbili kuu za kutumiana data. MPI_Send humshikilia mtumaji hadi bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu iliyobeba data, iwe salama kutumiwa tena. MPI_Isend hurudi papo hapo, humpa mtumaji stakabadhi iitwayo ombi, na kumwacha aendelee na hesabu zake. Stakabadhi hiyo hufungwa baadaye kwa MPI_Wait au ndugu zake. Kuhusu hatua hii ya mwisho yako madai yanayopokezanwa darasani na kazini, na kila moja limeharibu programu za watu makini. Nayajibu moja moja.

Dai la 1: "MPI_Wait ikirudi, ujumbe umeshamfikia mwenzako."

Kwa anayetuma, si kweli. Chukua mtu wa Dar es Salaam anayemwambia wakala wa basi kwamba gunia la kwenda Mwanza liko barazani kwake, aje alichukue. Hiyo ndiyo MPI_Isend. MPI_Wait humhakikishia jambo moja tu: gunia limeondoka, baraza ni lake tena. Huenda bado liko stoo ya wakala au liko njiani. Vivyo hivyo, ujumbe unaweza kuwa ndani ya maktaba ya MPI, kwenye mtandao, au kwa mpokeaji ambaye hajauita. Anayetaka kujua kwamba mwenzake ameanza kupokea atumie MPI_Issend, ambayo haikamiliki kabla ya hapo. Upande wa kupokea mambo ni tofauti: MPI_Wait ya MPI_Irecv, ambayo ni MPI_Isend ya upande wa kupokea, ikirudi bila kosa, data imo ndani ya bafa yako na unaweza kuisoma.

Dai la 2: "Ujumbe ukiwa mdogo, hakuna haja ya kusubiri."

Hili ndilo dai la hatari kuliko yote, kwa sababu mara nyingi linaonekana kweli. Maktaba nyingi hunakili na kusafirisha ujumbe mdogo mara moja, na ujumbe mkubwa huusubirisha hadi mpokeaji awe tayari. Lakini mpaka kati ya mdogo na mkubwa haukuwekwa na kiwango; hutofautiana kwa maktaba, kwa mtandao na kwa mipangilio. Ndiyo maana programu inayoandika juu ya bafa mara tu baada ya MPI_Isend inaweza kutoa majibu sahihi kwa namba 100 na ya uongo kwa namba 1,000,000, au kufaulu kwenye kompyuta mpakato na kuharibika kwenye klasta. Haianguki wala hailalamiki. Ni kama umebadilisha mchele wa lile gunia kwa mahindi kabla wakala hajafika, na huko Mwanza yatapokelewa mahindi.

Kuna hasara ya pili. Ombi lisilofungwa hubaki limeshika rasilimali za maktaba. Kitanzi kinachoacha ombi moja kila mzunguko hula kumbukumbu kidogo kidogo hadi iishe: mali bila daftari huisha bila habari. Kuliachia ombi kwa MPI_Request_free si dawa, maana baada ya hapo huna tena njia ya kuuliza kama kutuma kumekamilika.

Hata hivyo, wapo wanaoogopa kupita kiasi. Tangu toleo la 2.2 la mwaka 2009, kusoma bafa inayotumwa kunaruhusiwa. Kinachokatazwa ni kuiandika.

Dai la 3: "Nikiweka MPI_Barrier, kila kitu kimekamilika."

MPI_Barrier husema kwamba michakato yote ya kundi imefika pale. Haifungi ombi hata moja, wala haitoi ahadi yoyote kuhusu ujumbe ulioko njiani.

Dai la 4: "MPI_Isend huondoa mkwamo."

Haiuondoi ukiifuatisha na MPI_Wait palepale. Michakato miwili ikianza kwa MPI_Isend, ikasubiri, ndipo ikaita MPI_Recv, ujumbe mkubwa utaikwamisha yote miwili: kila mmoja anangoja mwenzake aanze kupokea, na hakuna aliyefika kwenye kupokea. Hapo umeandika MPI_Send kwa maneno marefu zaidi. Anzisha kupokea na kutuma kwanza, kisha yasubiri yote pamoja kwa MPI_Waitall.

Dai la 5: "Ujumbe husafiri wenyewe wakati mimi nakokotoa."

Kiwango kinaruhusu hilo, hakiahidi. Baadhi ya kadi za mtandao husukuma ujumbe zenyewe, lakini maktaba nyingi hufanya sehemu ya kazi hiyo pale tu programu inapoziita. Ujumbe mkubwa unaweza kulala hadi programu ifike kwenye MPI_Wait, na muda uliodhani umeuokoa ukaulipa wote mwishoni. Kuita MPI_Test, inayouliza bila kusubiri kama ombi limekamilika, mara kwa mara katikati ya hesabu huipa maktaba nafasi ya kuusukuma. Kisha pima muda kwenye mashine yako, usikisie.

Faida ikipatikana, hupatikana kwa mpangilio. Katika modeli ya hali ya hewa, eneo hukatwa vipande, na kila mchakato huhitaji kingo za majirani zake. Mpangilio mzuri huanzisha kupokea na kutuma kingo, hukokotoa katikati ya kipande, ambako hakuhitaji jirani, huita MPI_Waitall, ndipo humalizia kingo. Hapo kusubiri kumekaa mahali pake: baada ya kazi yote inayowezekana bila jirani, na kabla ya ile isiyowezekana bila yeye.

Kwa hiyo, unaposoma programu ya namna hii, fuata kila ombi tangu lilipozaliwa hadi linapofungwa, na katika kila mstari wa kati uliza: bafa hii sasa ni ya nani? Mstari usioweza kuujibu ndio wa kurekebisha kwanza, hata kama leo majibu yanatoka sahihi.