Nani Atachinja Mbuzi?

Katika kikao cha tatu cha kamati ya harusi yetu, mimi na mchumba wangu tuliulizwa swali moja tu: rangi za sherehe ni zipi? Mengine yote yalishapangwa: ukumbi, mshereheshaji, sare za kina mama, kadi ya mtu mmoja elfu hamsini, ya wawili laki moja.

Mimi ni Mzaramo wa Mbagala, mwenzangu ni Mchagga wa Rombo aliyekulia Bunju. Tulipolalamika kwamba hatujioni kwenye sherehe hiyo, tuliambiwa tusiwe na wasiwasi, tamaduni zetu zipo kwenye ratiba: dakika kumi za ngoma ya Kizaramo, kisha ndafu aingie na majani mdomoni.

Hayo ni mapambo, kama vitambaa vya viti. Utamaduni una masharti yake, na una watu wa kuwaomba ruhusa.

Chukua huyo ndafu. Kwa Wachagga, mbuzi mzima wa kuchoma ni heshima. Kwa sisi Waislamu, kabla ya kuuliza ataingia na wimbo gani, tunauliza nani kamchinja. Vikao vitatu, hakuna mwanakamati aliyeuliza. Aliyeuliza ni baba wa mchumba wangu, nilipokwenda kumsalimia: "Mjomba wako anachinja? Basi aje asubuhi, achinje yeye, sisi tuchome, ili tule wote." Mchanganyiko wetu ulianzia pale, kwenye kisu. Na mbege itanywewa Bunju, siku yake, kwa sababu bibi yangu hataki pombe uani kwake. Kukataa nako ni utamaduni.

Najua mtakachosema: michango ndiyo kusaidiana kwetu. Mama yangu amechangia harusi za watu tangu sijaanza shule. Kuivunja kamati ni kumwambia asidai chake, na hilo linaniuma. Lakini kusaidiana huko kulikuwa pia kwa mikono: kuchota maji, kupeta mchele, kukuna nazi, kukesha na masufuria ya pilau. Tulipokubali kwamba msaada ni pesa tu, jasho la mama zetu likaishia kwa mwenye ukumbi. Na asiye na elfu hamsini, hata kama alinibeba mgongoni utotoni, hana kadi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haidai makubwa: hiari ya wawili, taarifa siku 21 kabla, mfungishaji, mashahidi wawili. Kwa watu wa dini mbili kama sisi, mlango wa bomani uko wazi. Kamati haimo humo.

Kwa hiyo, wewe unayepanga harusi mwaka huu, kabla hujachagua rangi, uliza nani atachinja, nani atapika, nani hatakula na kwa nini. Majibu yake ndiyo yatakayokuonyesha unaoa wapi.

Sisi tutafunga bomani, tutakula Mbagala, uani kwa bibi, watu themanini. Mwenyekiti amejitoa kwenye kundi la WhatsApp. Mama alininunia wiki mbili. Jana usiku akanitumia ujumbe mfupi, bila salamu: bei ya mchele, gunia zima.