Majengo hayasomi kinyama

Hivi wadau, mama wa Vuga akikuta uvimbe kwenye titi, nani atamwambia ni kitu gani?

Kila Oktoba tunavaa riboni za pinki na kuhubiri "jichunguze mapema". Haya, kajichunguza. Kapanda gari mpaka hospitali ya Bumbuli, daktari kachukua kinyama. Halafu?

Hapo ndipo hotuba zinapoishia. Kinyama kinatakiwa kitiwe kwenye fomalini, kigandishwe ndani ya nta, kikatwe vipande vyembamba kuliko karatasi, kipakwe rangi, ndipo daktari wa patholojia akiweke kwenye hadubini. Na kuna uvimbe unaomsumbua hata bingwa: ule wenye seli ndefu nyembamba, zilizochongoka ncha zote mbili. Fashaitisi ya vinundu huweza kuondoka yenyewe. Fibromatosisi haisambai mwilini, ila hurudi palepale ilipokatwa. Filodesi ziko za upole na za hatari. Halafu kuna saratani ya metaplastiki, chini ya 1% ya saratani zote za matiti, ambayo wakati mwingine huonekana ya upole kabisa.

Kuzitenganisha kunahitaji vipimo vya kingamwili: keratini za aina kadhaa, pamoja na p63. Kadhaa, si moja! Saratani hii huonyesha keratini kwa mabaka tu. Ukipima moja ukaikosa, mama anaambiwa "nenda nyumbani" na saratani yake. Mwingine anakatwa titi zima kwa kitu ambacho kingeondoka chenyewe.

Mtasema magonjwa haya ni adimu. Kweli. Lakini vipimo vya kingamwili ndivyo pia vinavyoonyesha ni mgonjwa yupi wa saratani ya kawaida atafaidika na tamoksifeni. Anayekosa kimoja kakosa vyote.

Sidai maabara ya kingamwili kila kijiji. Nadai fomalini isikosekane Bumbuli wala Bombo. Nadai kinyama ndicho kisafiri kwenda KCMC au Muhimbili, si mama mgonjwa ateremke Soni, Mombo, kisha atafute basi la Moshi na ndugu wa kumlaza. Na jibu lirudi kwa maandishi, mkononi mwake.

Waheshimiwa wanapenda kukata utepe, na chupa ya fomalini haina utepe. Basi sisi tuwaulize, kila wanapokuja kuzindua jengo: kinyama cha huyu mama kitasomwa wapi, na jibu litarudi lini?

Nawasilisha.