Siri ya Dola Isiwe Ngao ya Ofisi

Kila Serikali ina siri zake, na hakuna raia mwema atakaye mipango ya ulinzi wa nchi itandazwe sokoni. Lakini siri ya dola ni kitu kimoja, na siri ya ofisi ni kitu kingine. Shauri linapofika mahakamani, ni nani mwenye haki ya kuzitenganisha?

Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 inampa Waziri haki hiyo. Akila kiapo kwamba ameusoma waraka wa Serikali usiotangazwa, na kwamba kuutoa kutadhuru maslahi ya umma, mahakama haiupokei. Fikra hiyo ni ya Kiingereza. Nyambizi Thetis ilipozama mwaka 1939 na kuua watu 99, jamaa za marehemu walidai michoro yake mahakamani. Mwaka 1942 Baraza la Malodi likaamua kwamba kauli ya Waziri haihojiwi. Lakini mwaka 1968, katika kesi ya Conway na Rimmer, Baraza hilo hilo liliiacha njia hiyo: Jaji aweza kuusoma waraka faraghani, akapima madhara ya kuutoa na madhara ya kuuficha. Waliotuachia kongwa wamekwisha kulivua. Sisi tungali nalo.

Wananchi wa Bukoba na Muleba wanaijua thamani ya taarifa. Machi 2023 Serikali ilitangaza waziwazi kwamba maradhi ya Marburg yameingia Bukoba Vijijini. Watu 9 waliugua na 6 wakafa, lakini tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Januari 2025 mambo hayakwenda hivyo. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilitaja washukiwa wa Marburg katika Wilaya za Biharamulo na Muleba. Wizara ikajibu kwamba vipimo havikuonyesha maradhi hayo. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan akalitangazia Taifa kwamba mgonjwa mmoja amethibitika Biharamulo. Rais alitenda jambo la haki. Hata hivyo, siku sita ni nyingi kwa mama anayemuuguza mwanawe kwa mikono mitupu.

Mama huyo akifungua shauri katika Mahakama Kuu, Bukoba, akadai kumbukumbu za siku hizo, je, kiapo cha Waziri kitoshe kumfungia mlango? Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha ya wananchi. Nayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamtaka anayezuia taarifa aangalie kwanza maslahi ya umma. Haifai basi mahakamani, mahali pa kupimia haki, mizani hiyo iondolewe mikononi mwa Jaji.

Hatudai makabati ya Serikali yaachwe wazi. Tunadai Bunge lirekebishe sheria ya 1967, ili waraka unaobishaniwa usomwe na Jaji kwanza, kwa faragha, kabla haujazuiwa. Siri ya kweli ya Taifa haitaogopa macho ya Jaji. Itakayoogopa, hiyo si siri ya Taifa.