Winga wa Meru Asipimwe kwa Mbio Pekee

Kila muhula wa pili, shule za sekondari zinapoanza kuwania nafasi ya kwenda mashindano ya kandanda ya taifa, habari hazikosi kuteremka kutoka bara hadi Pwani. Utazisikia barazani, watu wakinywa kahawa: "Kuna kijana huko Meru, winga wa kulia, akiupata mpira hashikiki!" Mwingine atadakia kwamba yuko wa Embu anayempita huyo. Na papo hapo wapenzi wa mpira wa Mombasa huanza kuuliza, mbona Bandari haijamchukua?

Mimi sina ugomvi na mbio. Winga asiye na mbio ni jahazi lisilo na tanga. Lakini naona tunakosea tunapodhani kwamba mbio alizowaonyesha wanafunzi wenziwe zatosha kutuambia kama atafaa katika timu ya ligi kuu. Wazee wetu walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hebu tutazame kijana huyu anakotoka. Miji ya Meru na Embu iko ubavuni mwa Mlima Kenya, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na mpira ukipigwa mrefu husafiri mbali. Winga mwenye mbio huukimbilia nyuma ya mabeki akaukuta, na uwanja mzima ukashangilia. Sasa mlete Mbaraki mchana wa Februari, katika joto la kaskazi. Mpira ule ule hutua mapema, jasho halikauki mwilini, na beki anayemkabili si mwanafunzi tena, bali ni mtu mzima aliyekomaa katika ligi. Beki huyo hatashindana naye mbio. Atatangulia tu kusimama pale mpira utakapoangukia. Hapo mbio zitamfaa nini kijana ikiwa hajui kuutuliza mpira kwa mguso mmoja, wala hana mazoea ya kurudi nyuma kuwasaidia wenzake?

Kosa hili si letu peke yetu. Wamarekani wana mpira wao wa kushika kwa mikono, na ndani yake wamo wachezaji wa pembeni ambao kazi yao ni kukimbia na kudaka pasi ndefu. Kila mwaka vijana bora wa vyuo huitwa mjini Indianapolis wakapimwa mbio za yadi 40. Mwaka 2017 kijana John Ross alizikimbia kwa sekunde 4.22, na hapo hapakuwa na aliyewahi kumshinda. Timu ya Cincinnati ikamchagua akiwa wa tisa nchi nzima. Msimu wake wa kwanza ulikwisha, huku majeraha yakimsumbua, bila ya kudaka hata pasi moja. Lakini mwaka 1985 alichaguliwa Jerry Rice, mtoto wa fundi wa matofali kutoka chuo kidogo cha Mississippi. Watu walitilia shaka mbio zake, na wachezaji 15 walichaguliwa kabla yake kuitwa. Huyo alistaafu akiwa amedaka pasi 1,549, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa mchezo ule. Saa ya kupimia mbio haikuweza kuonyesha bidii yake wala mikono yake.

Na hapa kwetu Kenya tunaye Michael Olunga. Alipitia Tusker na Thika United, huku akisomea uhandisi chuoni Nairobi, ndipo mwaka 2015 akang'ara na Gor Mahia, timu iliyotwaa ubingwa mwaka huo bila ya kushindwa hata mechi moja. Mwaka 2020 alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi hiyo. Hakukamilika kwa siku moja, wala hakulazimika kuyatupa masomo ili acheze mpira.

Basi rai yangu kwa viongozi wa timu zetu ni hii. Mkimwona winga katika uwanja wa Kinoru kule Meru au uwanja wa Moi kule Embu, msimpe mkataba jioni ile ile. Mwiteni wakati wa likizo, akae nanyi wiki tatu au nne. Mtieni katika mazoezi pamoja na watu wazima, mumtazame siku timu inapofungwa, si siku inaposhinda tu. Ikiangukia Ramadhani, mpelekeni usiku baada ya tarawehe katika mechi zetu za mitaani, ambako uwanja ni mdogo, watazamaji wamejaa hadi mstarini na mbio hazina pa kwenda. Atakayejua kucheza pale, huyo anafaa.

La mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa: mwacheni amalize kidato cha nne. Goti likivunjika, au mwalimu mpya akija na wachezaji wake, kijana aliyetolewa shuleni hubaki mji wa watu bila cheti wala nauli ya kumrudisha kwao.

Mwaka 2024 sisi wa Pwani na ndugu zetu wa Embu tulivutana hadi mahakamani juu ya muguka. Tulisema, na kwa haki, kwamba twahofia vijana wetu. Basi na tuwahofie vijana wao vile vile. Mzazi wa Meru au Embu anayekubali mwanawe ateremke kuja kutuchezea mpira ametukabidhi amana, na kila Mwislamu anajua kwamba amana ina siku ya kuulizwa.